Kitanda cha Mtaa wa Front

Wewe umewahi kuficha kitanda? Sisemi kuficha barua au sukari, hivyo kila mtu amewahi kuvificha. Nasema kitanda kizima, chenye miguu minne, godoro, mito miwili, na bado kina joto la watu wawili walioamka sasa hivi. Mimi nilikificha kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka, ghorofa ya tatu ya ghala la zamani, Mtaa wa Front, New York, hatua chache kutoka soko la samaki. Ikifika saa mbili na nusu kitanda kilikuwa juu darini, kimening'inia kwa kamba na kapi, kimefunikwa turubai. Ungeingia ungeapa kwamba hakuna mtu aliyewahi kufumba jicho mle ndani tangu jengo lijengwe.

Maghala yale ya kando ya mto yalijengwa kwa ajili ya matanga, kamba na pilipili. Meli zilipohamia kwingine, wenye majengo walibaki na kuta na panya, wakaanza kuwapangisha wachoraji, kwa sababu mchoraji haulizi maji ya moto, anauliza dirisha linatazama wapi. Mkataba ulisema mahali pa kazi. Kufanya kazi ni ruhusa, kulala ni marufuku. Mkaguzi akikuta kitanda, au jiko, au hata mswaki umesimama kwenye glasi, mnapewa siku moja mtoke. Mwezi wa Januari mwaka 1962 tulimwona mchongaji mmoja wa ng'ambo ya barabara amekaa juu ya godoro lake pembeni mwa njia, theluji inamwangukia mabegani, anamngoja rafiki mwenye gari. Tulimshushia kahawa.

Mimi wakati ule nilikuwa na mimba ya miezi sita. Orrin, mume wangu, alikuwa na maonyesho yake ya kwanza mwezi wa Machi, picha kumi na mbili, na tano kati ya hizo zilikuwa bado ni mistari ya mkaa tu. Kama tungetolewa, hakukuwa na chumba cha kawaida katika mji ule ambacho kingeingiza picha ya mita nne. Maonyesho yangekufa, na mtoto angezaliwa tukiwa tumelala sebuleni kwa mama yangu, Brooklyn. Mama alikuwa na maneno yake kuhusu wanaume wanaochora, na alikuwa ameyahifadhi kwa siku kama hiyo.

Nikuambie kidogo juu ya picha zenyewe, maana bila hizo hutaelewa nilichokifanya.

Orrin alitoka Nebraska, mtoto wa mkulima wa mahindi, mrefu kama ngazi. Alikuja mjini akapata kazi ya kuchora mabango makubwa ya matangazo, yale ya juu ya majengo. Alikuwa ananing'inia kwenye ubao, ghorofa ya kumi na mbili, anapaka shavu la mwanamke lenye ukubwa wa basi. Aliniambia ukiwa karibu hivyo huoni uso, unaona rangi ya waridi tu, halafu unageuza kichwa unaona ukingo wa mdomo mwekundu kama ufuko. Siku moja akajiuliza kwa nini kitu hicho kikiwa juu ya duka la viatu kinaitwa tangazo, na kikiwa ndani ya nyumba hakuna mtu anayejua kukiita. Akaacha kazi. Akaanza kuchora makopo ya pichi, vipande vya keki, taa za mbele za gari, midomo, vyote vikubwa, rangi zimelala bapa, hakuna alama ya brashi hata moja. Alisema watu wanafungua makopo hayo kila siku na hakuna hata mmoja ambaye ameyatazama.

Maandishi ya kwenye makopo niliyaandika mimi. Baba yangu, Mwitaliano wa Sisilia, alikuwa na karakana ya kuandika vibao vya maduka, na nilipomaliza darasa la nane aliniweka mezani pembeni yake. Najua kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki: mmoja anashika huku, mwingine kule, unauvuta katikati, unauachia, mstari unabaki. Najua kutoboa karatasi kwa kigurudumu chenye meno, kuibandika ukutani na kuipigapiga kwa mfuko wa unga wa mkaa, ili herufi zijitokeze kama madoa ya nzi. Orrin alikuja karakanani kununua brashi, nikamwambia R zake zinachechemea. Hivyo ndivyo tulivyooana.

Ghorofa ya juu yetu aliishi Hedda Lindqvist, naye mchoraji, mkubwa kwetu kwa miaka ishirini, mwembamba, sigara haimtoki. Yeye alikuwa wa kizazi kile cha kumwaga rangi na kuikwangua mpaka waugue. Picha za Orrin hazikumwingia kabisa. Alikuwa anashuka kuomba maziwa, anasimama mbele ya kopo la pichi, anatikisa kichwa.

"Mdogo wangu Nunziata," ananiambia, "mumeo angekwenda dukani akalinunua tu hilo kopo, angeokoa muda."

"Na wewe Hedda, lile lako la kijivu, ni mvua au ni ukuta?"

"Ni huzuni."

"Basi yetu inaliwa. Chukua maziwa."

Ghorofa ya kwanza alikuwepo mzee Pantelis, Mgiriki, muuza sponji za baharini. Stoo yake ilijaa magunia ya sponji mpaka darini, inanukia chumvi. Yeye alikuwa ndani kwa haki, mwenye leseni, na ndiye aliyekuwa macho yetu. Bomba la mvuke lilipanda kutoka kwake mpaka kwa Hedda, na mzee alikuwa analigonga kwa spana. Mara moja, kahawa iko tayari. Mara mbili, posta. Mara tatu, mkaguzi. Tukisikia tatu, jengo zima lilikuwa linabadilika kama jukwaa: mito inaingia kwenye pipa, sufuria zinaingia nyuma ya turubai, Hedda anasukuma beseni lake la kuogea chini ya meza. Dakika nne. Tuliwahi kujipima kwa saa.

Basi ikawa Jumanne moja ya Februari. Orrin alikuwa ametoka asubuhi na gari la kuazima kupeleka kopo la pichi kwenye jumba la maonyesho. Mtoto alinipiga mateke usiku kucha, nikamwambia Orrin aniache nilale kidogo, kitanda tutakipandisha akirudi. Tangu tumbo lilipokua, kuvuta ile kamba ilikuwa kazi yake. Nikaamka saa tatu, nikaweka mchuzi wa nyanya jikoni, jiko letu dogo la gesi la mafiga mawili, na saa nne kasorobo nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi nikasikia bomba. Moja. Mbili. Tatu.

Nikaenda kwenye kamba. Nikavuta. Kitanda kikanyanyuka kiasi cha shubiri moja, kisha tumbo likakaza kama ngoma, nikakiachia. Nikavuta tena. Nikaachia tena. Chini nilimsikia mzee Pantelis akipaza sauti kwa makusudi: "Afande, subiri nikuonyeshe sponji hii, inatoka kisiwani kwetu, shika mwenyewe." Alikuwa ananinunulia muda, lakini sponji ni sponji, haiwezi kumshika mtu saa nzima.

Nikageuka nikatazama chumba. Kando ya ukuta wa mashariki palikuwa na kazi mpya ya Orrin, vitu vya nyumbani alivyovikata kwa mbao nyembamba na kuvipaka rangi: sinki ya bluu isiyoshika maji, kiti chekundu kisichokalika, redio, pasi, taa. Kila kimoja kilikuwa na mstari mweusi mnene pembezoni, kama kwenye vitabu vya katuni. Nikatazama sinki. Nikatazama kitanda.

Mkebe wa rangi ya njano ulikuwa wazi. Nikachukua brashi ya inchi nne, ile ya mabango, nikalipaka blanketi lote njano. Mungu anisamehe, lilikuwa blanketi la bibi yangu, alilibeba kutoka Palermo. Nikapaka mito nyeupe, mito ile ile tuliyokuwa tumeilalia. Nikachukua nyeusi, nikazungusha mstari pembezoni, miguu yote minne, ubao wa kichwani, mikunjo ya shuka nikaichora juu ya mikunjo yenyewe. Mkono wangu umezoea kuandika "Nyama Safi" juu ya ngazi, kwenye upepo. Nikakata kadi mbili, nikaandika kwa herufi nzuri zenye vikanyagio, vile vijiguu vidogo kwenye ncha. Ya kwanza: KITANDA, 1962. MBAO, KITAMBAA NA RANGI. Ya pili nikaiegemeza kwenye jiko: JIKO LENYE MCHUZI. HALIUZWI. Kwa jiko lenyewe nilipata muda wa mstari mmoja tu, upande wa mbele.

Hodi ikapigwa.

Alikuwa mtu mnene, mashavu mekundu kwa baridi, koti refu la zimamoto, kofia mkononi. Alipangusa viatu kwenye gunia la mlangoni, kitu ambacho hakuna mkaguzi aliyewahi kukifanya. Alisema anaitwa Mulcahy.

"Karibu, bwana," nikasema. "Ila usiguse, rangi mbichi."

Akatembea polepole. Akafika kwenye sinki, akapinda kidole akaigonga, ikasema kama ubao. Akatazama kiti. Halafu akafika kwenye kitanda, akasimama.

"Hiki ni kitanda, bibi."

"Ndiyo, bwana. Kinakwenda kwenye maonyesho mwezi ujao. Kadi yake hiyo."

Akasoma kadi, midomo ikimchezacheza. "Godoro ni la kweli?"

"La kweli. Siku hizi vinachanganywa, cha kweli na kisicho cha kweli. Ndio mtindo."

"Aha." Akaenda kwenye jiko. Mchuzi ulikuwa unatokota, kifuniko kinarukaruka. Akasoma kadi ya pili. Akanitazama. "Na hili linawaka."

"Zamani kazi za sanaa zilikuwa zinakaa kimya ukutani, bwana. Sasa zinatakiwa zifanye kitu."

"Naona." Akainama akanusa. "Umetia mrehani?"

"Majani mawili."

"Mke wangu hatii. Namwambia kila siku." Akanyooka, akatoa daftari mfukoni, akalamba ncha ya penseli. "Nikuulize, bibi. Kuna mtu analala humu?"

"Hakuna, bwana."

"Hata mara moja moja? Kazi ikizidi?"

"Tunakwenda nyumbani. Brooklyn."

Akalitazama tumbo langu, akatazama madirisha, akatazama ngazi ile moja ya mbao aliyopandia. Akaandika neno fupi. Mlangoni aligeuka, akafungua mdomo kama mtu aliyesahau kitu, kisha akavaa kofia akashuka. Nilihesabu hatua zake zote mpaka nje.

Nikakaa chini sakafuni nikaegemea mguu wa kitanda, nikapata mstari mweusi mgongoni mwote. Mzee Pantelis alipanda akihema, na birika la kahawa mkononi, akaona kitanda, akaona kadi, akaniona mimi, akakaa chini naye. Tulicheka mpaka alishindwa kumimina.

"Binti yangu," anasema, "nimemshikisha sponji kumi na moja. Ya kumi na mbili akanunua. Nilidhani umeshakwisha."

"Na mimi nilidhani hivyo hivyo, mjomba."

Hedda alirudi mchana, akashuka kwa ajili ya maziwa, akasimama mbele ya kitanda. Sigara ikajiishia yenyewe vidoleni.

"Hii ni ya Orrin?"

"Yangu. Ya dakika kumi."

Akakizunguka. "Mwaka mzima nawasikiliza mkiniambia habari za makopo," akasema, "na sikuelewa. Hiki naelewa. Mtu aliogopa hapa." Akachukua maziwa akaondoka, na tangu siku hiyo hakulitania tena kopo la pichi, au alilitania kidogo tu.

Orrin alikuja saa kumi. Nilimsimulia yote akiwa bado na koti. Kwanza aliweka mkono wake tumboni mwangu, akauacha pale mpaka mtoto alipojibu. Ndipo akakitazama kitanda, akainamisha kichwa huku na huku.

"Mstari wa kushoto umenenepa," akasema.

"Mzee Pantelis alikuwa amefika sponji ya nane."

"Uache hivyo hivyo." Akaisoma kadi. "Nunzia, hiki kiende kwenye maonyesho. Kwa jina lako."

"Kikienda, nitalala wapi?"

Basi kikabaki. Rangi ile ilichukua siku tatu kukauka, na siku hizo tatu tulilala sakafuni juu ya magunia ya sponji aliyotuazima mzee. Sijawahi kulala vizuri namna ile, ila nywele zilinukia bahari. Baada ya hapo tukarudi kitandani, juu ya blanketi gumu linalolia kama karatasi ukigeuka, na kila asubuhi Orrin akakivuta juu kama kawaida yetu.

Hapo ndipo tulipokosea. Mtu mwingine yeyote angejua kwamba kitanda kikishaitwa sanaa mbele ya mkaguzi, basi kikae pale pale sakafuni, peupe, na kadi yake. Lakini sisi mikono yetu ilikuwa imezoea. Tulificha kwa sababu kulikuwa kumekucha.

Siku kumi zikapita. Ijumaa, saa tatu asubuhi, bomba likagonga tatu. Nilikuwa naandika neno kwenye kopo la mahindi, Orrin yuko juu ya ngazi. Tulitazamana, tukatazama chumba: jiko limo kwenye sanduku, mito imo kwenye pipa, kitanda kiko darini. Nilijiona mwenye akili. Nikaendelea na herufi yangu.

Bwana Mulcahy aliingia, akapangusa viatu, akamsalimu Orrin, kisha akasimama mahali pale pale aliposimama mara ya kwanza, akatazama sakafu tupu.

"Kile kitanda kiko wapi?"

Nikaiacha herufi yangu katikati.

"Kimeuzwa," Orrin akasema.

"Kimepelekwa kwenye maonyesho," mimi nikasema, wakati ule ule.

"Kimeuzwa au kimepelekwa?"

"Kimeuzwa huko kwenye maonyesho," Orrin akasema.

"Yanayofunguliwa mwezi ujao."

"Mnunuzi ana haraka, bwana."

Mulcahy akainua uso taratibu. Turubai lilikuwa halikutosha. Mguu mmoja wa njano wenye mstari mweusi ulikuwa umechomoza, na pembe ya blanketi la bibi yangu.

"Na huyo mnunuzi," akauliza, "anaishi darini?"

Chini sokoni mtu alikuwa anaburuta kasha la samaki kwenye mawe, nilisikia kila jiwe. Niliwaza theluji, na mchongaji aliyekaa juu ya godoro. Niliwaza zile picha kumi na mbili, mbili zilikuwa bado ni mkaa. Orrin akashuka ngazi, brashi inamdondokea kwenye viatu.

"Afande," akasema, "mke wangu anajifungua Aprili. Nipe mpaka hapo. Mimi mwenyewe nitaondoka leo ukitaka, nitalala popote, yeye abaki na kazi iishe."

"Abaki na nani?" nikamwambia. "Mimi sitaki kubaki na makopo." Nikaweka brashi chini. Nilikuwa nimechoka, si uchovu wa siku hiyo, uchovu wa mwaka mzima wa kukunja na kukunjua. "Bwana Mulcahy, umepanda ngazi hizi mara mbili. Mara ya kwanza ulitaka kusema neno pale mlangoni, nilikuona. Kama ni kututoa, sema ututoe, nianze kufunga vyombo nikiwa bado na nguvu. Kama ni kitu kingine, kiseme. Wewe unataka nini hasa?"

Alitafuta pa kukaa. Orrin akamsogezea ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akaikalia, magoti yakafika kifuani. Akavua kofia, akaiweka sakafuni, akaanza kuongea akiitazama hiyo kofia.

"Kabla ya Krismasi tuliitwa ghala la karatasi, mitaa miwili kutoka hapa. Kwenye karatasi zetu limeandikwa: usiku hakuna mtu. Jengo likiwa halina mtu, siingizi vijana wangu, tunamwaga maji kutoka barabarani, basi. Ndivyo tulivyofanya. Sasa kijana mmoja anavuta mpira wa maji, anatazama juu, ananiambia, mkuu, mbona lile dirisha lina pazia la maua? Nani anafungia karatasi pazia? Tukapandisha ngazi. Tukawatoa wawili, mume na mke, wafumaji wa vitambaa. Wamekula moshi mwingi, lakini wazima. Wako Queens sasa, walinitumia kadi."

Akajikuna shingo.

"Nimekaa na kadi hiyo. Maana kama yule mama asingependa maua, ningesimama pale barabarani namwaga maji mpaka asubuhi, na ningerudi nyumbani kula staftahi. Tangu hapo napanda ngazi za maghala mwenyewe, kila siku. Na kila ninapoingia, watu wananionyesha kazi. Kuna mmoja ameniambia beseni lake la kuogea ni meli. Nyinyi hamna pazia, hamna mswaki, hamna hata kikombe. Mmejificha vizuri kuliko wote niliowaona. Jumanne ile niliandika kwenye daftari langu: hakuna. Nimeshindwa kulala kwa neno hilo."

Orrin akauliza polepole, "Kwa hiyo hutuandiki?"

"Mambo ya mikataba yana ofisi yake, na mimi siijui hata iko ghorofa ya ngapi. Mimi ni mtu wa moto." Akageuza ukurasa wa daftari, akatafuta ule wa Jumanne, akauchana, akaukunja, akautia mfukoni. Sikujua kwamba nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza mpaka nilipouachia. Vidole vilikuwa vimeniuma. Orrin akanishika bega. Pumzi niliyoivuta pale naikumbuka mpaka leo, ilikwenda mpaka kwa mtoto.

Mulcahy akalamba ncha ya penseli, akaanza ukurasa mpya, na safari hii akanitazama mimi usoni.

"Hicho kitanda kishusheni, kinanitia kizunguzungu," akasema. "Nilichokuwa nataka ni kidogo tu, nilishindwa kukisema pale mlangoni kwa sababu ulikuwa umekwisha niambia hakuna mtu. Nataka kujua mnalala wangapi humu, na mnalala upande wa dirisha lipi, ili siku ikitokea nijue ngazi naiegemeza wapi."